Xeon ya seva dhidi ya laptopu ya zamani: kisa cha studio moja ya Arua

Studio yenyewe ni chumba kimoja mjini Arua, Uganda. Mchana wanapiga picha za pasipoti, wanachapa barua na kutoa kopi. Mwisho wa wiki wanarekodi harusi. Mwenye biashara ni mama mtu mzima, ndiye anayelipa kodi ya chumba na umeme. Mtoto wa kaka yake ndiye mpiga video na mhariri. Kwa miaka kadhaa kazi zote zimefanywa na ThinkPad T430 moja waliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i5-3320M.

Kijana alikuwa ameona Kampala mnara, yaani kompyuta ya mezani, wa HP Z420 uliotumika, ndani yake Intel Xeon E5-2670. Muuzaji alimwambia hiyo ni prosesa ya seva, kompyuta kubwa inayohudumia watu wengi, kwa hiyo video zitatoka upesi na laptopu ataiweka kabatini. Shangazi yake akakataa kutoa pesa mpaka mtu wa nje ayapime maneno hayo. Nikaombwa kuyapima.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali hili naulizwa mara nyingi, na karibu kila mara watu huishia kwenye jina. Wakisikia Xeon wanaona kasi. Wakisikia laptopu ya zamani wanaona uchovu. Majina hayo hayatoshi kumfanya mtu atoe akiba yake.

Jambo la kwanza nililowaonyesha ni kwamba prosesa hizi mbili ni za mwaka mmoja. Xeon E5-2670 ilitoka Machi 2012, na i5-3320M ikafuata katikati ya mwaka huohuo. Kasi ya msingi ya ile ya seva ni gigahezi 2.6, ya laptopu ni 2.6 vilevile. Kore ni kitengo kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa. Kore moja ikiachwa ifanye kazi peke yake, ile ya seva hupanda hadi 3.3, ya laptopu nayo hupanda hadi 3.3. Na kore zenyewe ni za ukoo mmoja. Za Xeon ni za kizazi cha Sandy Bridge, cha nanomita 32. Za laptopu ni Ivy Bridge, nanomita 22, ambacho ni kizazi kilekile kilichopunguzwa ukubwa na kunolewa kidogo. Kwa hiyo ukiipambanisha kore moja na kore moja, laptopu haishindwi. Tena inaongoza kwa asilimia chache.

"Lakini kaka," kijana akasema, "si hii ilikuwa inauzwa zaidi ya dola elfu moja?"

Ni kweli. Bei ya orodha ya Intel kwa E5-2670 ilikuwa dola 1,552, na ya i5-3320M ilikuwa dola 225. Pesa hiyo ya ziada ililipia wingi wa kore. Xeon ina kore 8 zinazoshika thredi 16, yaani mikondo 16 ya kazi kwa wakati mmoja. Laptopu ina kore 2 na thredi 4. Fikiria mafundi cherehani wanane wenye mikono sawasawa na wale wawili wa duka la jirani. Ukipeleka sare za shule nzima, wanane watamaliza mapema sana. Ukipeleka gauni moja, fundi mmoja atalishona na saba watakaa.

Mnara huu sasa umeshuka bei hadi studio ya chumba kimoja ikaufikiria, na sababu yake inajulikana. Vituo vikubwa vya data vilianza kuziondoa seva za kizazi hiki miaka mitatu, minne baada ya kuzinunua, na kufikia 2016 hivi chipu za E5-2670 zilizotumika zilikuwa zimejaa sokoni kwa chini ya dola 100. Hazikuondolewa kwa sababu ni mbovu. Mwenye seva elfu kumi hupiga hesabu ya umeme na ya nafasi, akaona kizazi kipya kinamlipa zaidi.

Baada ya hapo tuliziangalia tofauti nyingine. Kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 20 kwa Xeon na 3 kwa laptopu. Inaonekana ni pengo kubwa sana, lakini ukiigawa kwa idadi ya kore unapata 2.5 kwa 1.5; nafuu ipo, muujiza haupo. Kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya mashine, hesabu inageuka kabisa. Xeon ina njia nne za kufikia kumbukumbu, na kwa RAM ya aina ya DDR3 ya 1600 hupitisha hadi gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Laptopu ina njia mbili, gigabaiti 25.6. Gawa tena kwa kore: 6.4 kwa Xeon, 12.8 kwa laptopu. Kila kore ya laptopu ina barabara pana mara mbili.

Ila hapo kuna sharti. Njia zote mbili za laptopu zitumike. Tulipofungua kifuniko cha chini tulikuta kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 4, na nafasi ya pili tupu. Maana yake mashine ilikuwa ikifanya kazi kwa nusu ya barabara yake, na kwa kumbukumbu ndogo mno kwa kuhariri video. Nusu ya lawama zote zilizorushiwa prosesa ya watu ilikuwa imelala kwenye nafasi ile tupu.

Xeon pia inakubali RAM ya ECC, ile inayosahihisha kosa la biti moja na kugundua la biti mbili. Kwa seva inayotunza akaunti za chama cha akiba na mikopo, usiku na mchana bila kuzimwa, hilo ni jambo la lazima. Kwa video ya harusi, biti moja ikigeuka, hakuna bibi harusi atakayeiona. Sikuipa uzito.

Sasa kazi. Nilimwomba kijana anitajie anachofanya kutwa, kwa mpangilio wa saa zake na si kwa mpangilio wa anavyovipenda. Kufungua Word na kuchapa barua. Kukata picha za pasipoti na kuweka mandhari nyeupe. Kuskani vyeti. Kuvinjari intaneti kumjazia mtu fomu. Hizi zote ni kazi za kore moja au mbili, na kwa muda mwingi mashine inamsubiri binadamu. Hapa Xeon haina cha kuongeza. Mteja aliyekuja na cheti chake cha kuzaliwa hatatoka dukani hata dakika moja mapema kwa sababu kuna kore 8 ndani ya mnara.

Kisha ikaja kazi iliyomleta kwangu: kurenda, yaani kuitoa video iliyokwisha kuhaririwa iwe faili moja la kumpa mteja. Hii ndiyo kazi ya mafundi wengi. Kodeki ya H.264, njia ya kubana video, ikitolewa kwa programu, bila msaada wa kifaa maalumu, hugawa kazi kwenye kore zote zilizopo. Kore zote 8 za E5-2670 zikifanya kazi pamoja hukaa kwenye gigahezi 3.0, kore mbili za i5-3320M hukaa kwenye 3.1. Mara nane kwa 3.0 ni 24. Mara mbili kwa 3.1 ni 6.2. Ukipunguza ile asilimia chache ya Ivy Bridge, Xeon inatakiwa kumaliza kazi hiyo kwa kasi ya karibu mara 3.7. Harusi inayochukua saa 3 na dakika 40 kwenye laptopu itoke kwa takriban saa moja. Huo ni usiku mzima wa kazi kugeuka jioni moja, na sikuwaficha kwamba ni faida ya kweli.

Lakini laptopu ina kitu ambacho Xeon hii haina kabisa. Ndani ya i5-3320M kuna grafiki ya Intel HD 4000, na ndani ya grafiki hiyo kuna saketi iitwayo Quick Sync iliyotengenezwa kwa ajili ya kusoma na kutoa video tu. Ukiiwasha kwenye mipangilio ya programu, laptopu hukimbia mbio ambazo kore zake mbili zisingeziweza. Ina gharama yake: Quick Sync ya enzi hiyo, kwa ukubwa uleule wa faili, hutoa picha yenye ubora mdogo kuliko ya kodeki ya programu. Inaonekana hasa kwenye ngoma, watu wanapocheza kwa kasi na vumbi linapanda. Kwa klipu ya kutumwa WhatsApp haina neno. Kwa nakala ambayo familia itaitazama miaka ishirini, mimi singeitumia. Kijana hakuwa amewahi kujua kwamba kitufe hicho kipo. Tulikiwasha palepale, na klipu fupi za wateja zikawa zimepata ufumbuzi bila kununua chochote.

Mama alikuwa kimya muda wote huo, akihudumia wateja huku akisikiliza. Alipomaliza akaja akaketi.

"Mwanangu, umeme wake ukoje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali zito kuliko yote, na nilifurahi limetoka kwake. Intel iliiandikia E5-2670 wati 115 na i5-3320M wati 35. Namba hizo ni za chipu peke yake. Mnara una kadi ya picha, feni, diski na skrini juu yake. Nilichukua makadirio ya mashine nzima: mnara na skrini wati 220 ukirenda na wati 120 kwenye kazi nyepesi, laptopu wati 55 na wati 25. Bei nikaweka shilingi 750 za Uganda kwa yuniti ili hesabu iende. Mwenye kusoma aweke ya risiti yake.

Harusi moja ikirendwa kwenye mnara kwa saa moja inakula yuniti 0.22. Ikirendwa kwenye laptopu kwa saa 3 na dakika 40 inakula yuniti 0.20. Zinalingana! Wengi hawaamini mpaka waone hesabu: mashine inayokula sana lakini inamaliza mapema haina hasara kwenye kazi hiyo. Hasara iko kwenye kukaa. Mnara ukiwashwa saa kumi kwa siku kwa ajili ya kuchapa barua utakula yuniti 1.2, laptopu kwa saa hizohizo itakula 0.25. Tofauti ni zaidi ya shilingi 700 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inapita shilingi 18,000 kwa mwezi. Mama aliiandika namba hiyo kwenye daftari lake la mauzo.

Kuna pia kukatika kwa umeme. Wenyeji wa West Nile, eneo ilipo Arua, hawahitaji kufundishwa hili. Eneo hili lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5 pamoja na jenereta. Laptopu ina betri yake. Umeme ukienda, kazi inaendelea. Mnara unazima papo hapo, na faili la MP4 lililokatishwa katikati kwa kawaida halifunguki hata kidogo, kwa kuwa ile orodha inayomwambia mchezeshaji wapi kila kipande kilipo huandikwa mwishoni. Saa moja ya kurenda inapotea yote. Kwa hiyo mnara bila UPS, kifaa chenye betri kinachoushikilia umeme ukikatika, nisingeukubali, na hata ukiwa na UPS nilimwambia kijana arende kwa vipande: kanisani peke yake, mapokezi peke yake, zawadi peke yake, kisha aviunganishe.

Wao wana pia betri moja ya sola ya volti 12, saa-ampea 100. Hiyo ni watisaa 1,200, na betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, basi zimebaki 600. Mnara unaorenda utaimaliza kabla ya saa tatu kupita, bado hujahesabu kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida. Laptopu inakaribia saa kumi na moja.

Kabla ya kutoa uamuzi nilimtaka kijana ampigie muuzaji simu na kuomba picha ya skrini ya Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, ukurasa wa utendaji, ili jina kamili la prosesa lionekane. Msisitizo huu nauweka kwa kila anayenisoma. Xeon si kasi moja. Mnara uleule wa Z420 unaweza kuwa na E5-2620, yenye kore 6 lakini kasi ya msingi ya gigahezi 2.0 na ya juu 2.5, kwenye kazi za kore moja hiyo inaachwa nyuma na ThinkPad waliyokuwa nayo. Au unaweza kuwa na E5-2609: kore 4, gigahezi 2.4, haipandi juu ya hapo, wala haina thredi za ziada. Nje minara hii inafanana kabisa, na stika ya Xeon ni ileile. Picha ilipokuja ilionyesha E5-2670. Muuzaji alikuwa mkweli kwenye hilo.

Tuliuliza pia kama kadi ya picha imo, kwa sababu prosesa hii haina grafiki ndani yake na bila kadi hakuna kitakachoonekana kwenye skrini. Ilikuwamo. Nikawakumbusha kwamba RAM ya laptopu haiingii kwenye mnara, umbo lake ni jingine, kwa hiyo wasipange kuihamisha.

Kwenye umri hakuna anayemcheka mwenzake. Zote mbili haziko kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Zote zina maagizo ya AVX, amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa, lakini hazina AVX2, yaliyokuja na kizazi cha 2013, na baadhi ya programu mpya hukataa kufunguka bila hayo. Anayetoka kwenye T430 kwenda kwenye mnara huu anaongeza kore, lakini anabaki mwaka 2012.

Niliwatajia na chaguo la tatu, laptopu iliyotumika yenye i5-8250U ya mwaka 2017: kore 4, thredi 8, hupanda hadi gigahezi 3.4, wati 15, inakubalika kwa Windows 11, na Quick Sync yake ni ya kizazi bora zaidi. Kwa jumla ya kazi nzito haifikii kore 8 zinazofanya kazi usiku kucha, lakini kwa duka lenye kazi mchanganyiko na umeme wa kusuasua, hiyo ndiyo ningeichagua mimi. Bei waliyoambiwa ilikuwa juu ya uwezo wao, tukaiacha.

Ushauri wangu ulikuwa waanze na laptopu. Kijiti cha pili cha RAM, SSD (diski ya kielektroniki, isiyozunguka) mahali pa haddisk, feni isafishwe vumbi na gundi ya joto ibadilishwe. Arua ina joto na vumbi, na prosesa inayochemka hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Tulipoifungua feni, matundu yake yalikuwa yamezibwa na utando mnene. Baada ya matengenezo hayo kijana alikiri kwamba kazi za mchana hazina tena sababu ya kulalamikiwa.

Bado msimu wa harusi ulikuwa unakuja, na kazi tatu kwa wikiendi moja zingewazidi. Hapo nikamwambia mama kwamba mnara una kazi yake, kwa masharti matatu: uwe wa kurenda tu, uzimwe kazi ikiisha, na uwe na UPS. Akakubali. Ukaletwa kwa basi kupitia Karuma na Pakwach, kadi ya picha ikiwa imetolewa na kufungwa peke yake ili mitikisiko isiivunje.

Majaribio ya kwanza hayakufika mara 3.7. Yalikuwa mara tatu na kidogo. Ukitazama Task Manager unaona sababu: kwenye sehemu zenye maandishi yanayotembea na athari za rangi, programu yao ya kuhariri ilikuwa ikibebesha kore moja au mbili, nyingine zikisubiri. Kijana alisikitika kidogo. Nikamwambia afungue kazi ya pili ya kurenda wakati ya kwanza inaendelea. Hapo mnara ukaonyesha ulichoumbiwa: harusi mbili zilitoka kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko zingetolewa moja baada ya nyingine. Seva zilitengenezwa kwa kazi nyingi za watu wengi kwa wakati mmoja, na studio inayopanga foleni yake hivyo ndiyo inayoipata thamani ya Xeon.

Sasa ThinkPad iko mezani kwa wateja kutwa, na mnara unawashwa jioni duka likifungwa, kazi zikiwa zimepangwa mbili mbili. Kinachowabana kwa sasa ni nafasi ya kuhifadhia, maana faili za kamera za harusi hujaza diski upesi na kijana hazifuti mpaka mteja athibitishe kupokea nakala yake. Wanaweka akiba ya diski ya pili.